Nyasi Zinazoitwa za Wakala

Siku ya kumzika kaka yangu Marwa, vijana wa mapambo walikuja na pikapu kutoka mjini Tarime. Walishusha viti vya plastiki, vitambaa vyeupe na vyombo vinne virefu vya kioo. Ndani ya kila chombo walichomeka mikia mikavu ya nyasi, myeupe, mirefu kama mkono wa mtu mzima, laini kama sufi. Viwili wakaviweka upande wa kichwa cha jeneza, viwili upande wa miguu. Kijana mmoja akarudi nyuma hatua tatu kutazama kama vimekaa sawa.

Niliinuka kwenye mkeka wa wanawake. Mimi si mtu wa makelele, hata msibani huwa nalia kimyakimya. Nilikwenda nikaichomoa ile mikia yote, nikaikumbatia kama kuni, nikapita nayo katikati ya waombolezaji hadi nyuma ya nyumba walikokuwa wakipika ugali, nikaisukuma chini ya sufuria. Ilishika moto palepale. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo, kama sukari inayoungulia chini ya chombo, na niliijua harufu hiyo tangu nikiwa mtoto.

Nyuma yangu mtu alisema, mwacheni, ni majonzi. Siyo majonzi. Majonzi ninayo na nitakuwa nayo, lakini kilichoniinua pale ni hasira, na hasira yenyewe ni ya siku nyingi kuliko msiba. Ninyi wa rika langu mliokulia huku mmeziona nyasi hizo zikianza shina moja moja, na sasa mnaona hakuna mto usiokuwa nazo. Huwa mnauliza zilitoka wapi. Mimi najua za kwetu zilitoka wapi, na nimekaa na jambo hilo tumboni tangu nikiwa na miaka minane.

Nyumbani kwetu ni mteremkoni, na chini kabisa kinapita kijito ambacho mwisho wake kinaingia Mto Mara. Nilipokuwa mdogo kilikuwa na matete pande zote mbili. Upepo ukivuma yalisuguana yakatoa sauti kama watu wanaonong'onezana kanisani, na ndani yake walijenga ndege wadogo wekundu ambao tuliwaogopa bila sababu. Njia za kufika majini zilikuwa tatu tu. Moja ya ng'ombe, moja ya kuvukia watu na kuoga, na ya tatu, juu kidogo, ya kisima. Kisima kilikuwa cha wote lakini msimamizi wake alikuwa Bibi, mama yake baba. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikuwa akishuka kila asubuhi, anainama, anapitisha mkono kwenye ukingo wa maji kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto, na jani lolote asilolijua analing'oa. Tope la pale lilikuwa jeusi na lilinuka kama chuma kilicholowa. Nikilisikia popote leo, hata kwenye mtaro huku Mugumu ninakoishi, namwona yeye ameinama.

Juu yetu, karibu na barabara, alijenga mtu tuliyemwita Wakala. Kazi yake ilikuwa Sirari, kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka, na alikuja nyumbani Jumamosi na pikapu yake. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwetu kuwa na bati la rangi, na ya kwanza kuwa na geti. Kila upande wa geti alipanda shina moja la nyasi alizonunua kwa muuza maua ng'ambo ya mpaka, Isebania. Zililetwa ndani ya ndoo za rangi. Baada ya mwaka zilikuwa ndefu kumpita mtu, zikatoa mikia myeupe juu, na watu walisimama barabarani kuzitazama. Wakala alikuwa ameokota Kiswahili cha ng'ambo pamoja na hizo nyasi. Tukisogea alituambia, "Usiguze hiyo maua." Tulicheka hiyo "usiguze" wiki nzima, tukiambiana hata kwenye sahani ya ugali. Lakini tulimwogopa. Alijuana na polisi, alijuana na watu wa ofisini, na alikuwa akisema hivyo mwenyewe.

Mwaka niliokuwa na miaka minane, Marwa alikuwa na umri wa kwenda jandoni. Baba alikuwa amekufa, na Marwa alikuwa mkubwa wetu. Wasichana pia walikwenda msimu ule. Mimi nilikuwa mdogo bado, na hiyo ni habari nyingine ambayo sitaichanganya na hii.

Kijana akitoka kutahiriwa, vijana wa ukoo wake humsindikiza nyumbani kwa ngoma, na wachezaji huvaa manyoya ya mbuni kichwani. Ni manyoya yanayofanya msafara uonekane kutoka kilima cha pili. Sisi hatukuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mjomba, na mwaka huo alikataa kuyatoa, kwa sababu watu walikuwa wakikamatwa kwa kukutwa na manyoya ya mbuni au ngozi za mbega, na yeye alikuwa ameyafukia mahali. Jioni nilimsikia Mama akimwambia Bibi kwamba mtoto wa marehemu atarudi nyumbani kama mtu anayerudishwa kutoka hospitali.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kila mtu alilisifu. Kesho yake nilipanda hadi kwa Wakala, yeye akiwa Sirari, nikamwomba mkewe ile mikia myeupe. Alikuwa mama mkarimu. Alicheka, akachukua panga, akanikatia mzigo mzima, akasema mwaka huu imezaa sana. Majani yalinikata vidole, maana pembeni yana meno kama msumeno, lakini sikulia. Niliteremka na mzigo kichwani nimefunikwa na weupe hadi puani.

Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya ngoma walisimama waliponiona. Binamu yetu aliyekuwa akiongoza alichukua mkia mmoja, akaufunga kwenye utepe kichwani, akatikisa shingo. Manyoya ya ule mkia yakaruka. Akawageukia wenzake akasema, kama vijana wa kwetu wanavyoitana, "Mura, huyu mtoto ana akili kuwapita ninyi wote." Sijawahi kusifiwa namna ile tena. Niliishi na maneno hayo kama mtu aliyepewa ndama.

Siku yenyewe sisi watoto hatukuruhusiwa kusogea. Tuliambiwa tu kwamba Marwa alisimama mbele ya kisu na hakupepesa jicho. Kwetu hilo ndilo linaloulizwa, na linaulizwa mpaka mtu anazeeka. Hakupepesa. Kisha tukasikia njuga, na msafara ukatokea kilimani, vichwa vyote vyeupe, vinatikisika kwa pamoja. Marwa alikuwa katikati amejitanda shuka, anatembea polepole, miguu imeachana, damu ikidondoka njiani. Mama alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Manyoya ya zile nyasi yalikuwa yanaruka hewani, yananasa kwenye nywele za watu, kwenye jasho, kwenye migongo ya ng'ombe. Kwenye kivuko walisimama ili wachezaji wanawe uso. Waliinama wote, wakatikisa vichwa juu ya maji, na kijito kikawa cheupe. Niliona manyoya yanaelea, yanazunguka, mengine yananasa kwenye tope la ukingoni, mengine yanakwenda na maji.

Mzee aliyekuwa ametangulia na fimbo alingoja hapo. Tone la damu ya Marwa lilikuwa limeanguka kwenye tope karibu na mguu wangu. Mzee akaliona, akaniambia kama anamwambia mtu mzima, "Damu ya kijana ikishadondoka, ardhi imemshika. Huyu hapa hatoki." Alimaanisha kwamba Marwa sasa ni mtu wa pale, mwenye haki ya kuoa, kujenga na kuzikwa pale. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilielewa kwamba ardhi ile imemshika kaka yangu kwa mkono, na ikimwachia ataanguka.

Wiki ya pili kidonda cha Marwa kiliharibika. Alipata homa. Alilala kwenye kibanda chake anatetemeka, na harufu iliyotoka humo nilikuwa siijui lakini niliiogopa. Bibi alimwosha kwa maji ya majani, Mama alikwenda kutafuta dawa zahanati, na hakuna aliyenieleza kitu. Watu wazima walipita karibu yangu wakiongea kwa macho. Nilimsikia mama mmoja jirani akisema yupo kijana wa kilima cha pili ambaye ameshazikwa.

Mvua zilikuwa zinanyesha. Nilishuka kwenye kivuko, nadhani ili nilie mahali ambapo sionekani, na hapo kwenye tope, mahali palepale damu ilipodondoka, nikaona nyuzi za kijani. Nyembamba kama nywele. Zilikuwa nyingi, zimejipanga kufuata ukingo wa maji, na chini ya baadhi yake kulikuwa bado na unyoya mweupe uliolowa. Nilijua zimetoka wapi. Zimetoka kwenye vichwa vya wale waliomsindikiza, zimeota kwenye damu yake. Kwa hiyo ni zake. Kwa hiyo zikifa.

Sikuimalizia sentensi hiyo hata kichwani.

Kila siku nilishuka kuziangalia. Nilizichomekea vijiti pembeni ili ng'ombe wasizikanyage. Nilizihesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha. Marwa alikuwa bado na homa, lakini nyasi zilikuwa hai, na mimi nilipata usingizi kwa sababu hiyo.

Asubuhi moja nilimkuta Bibi ameinama pale. Alikuwa amemaliza kisima akashuka hadi kivukoni, na mkononi ameshika fungu la zile nyuzi, mizizi inaning'inia. Alikuwa ameng'oa kama robo. Akaniuliza vile vijiti ni vya nani. Kisha akasema, "Hili jani silijui. Nisichokijua sikiachi kwenye maji."

Na akainama tena.

Nilisema uongo. Sikuufikiri, ulikuja mzima. Nilimwambia ni za Wakala. Kwamba amezipanda mwenyewe, vijiti ni vyake, na amesema atakayezing'oa atampeleka kituo cha polisi Sirari.

Bibi alisimama. Alikuwa mwanamke asiyeogopa nyoka wala wanaume, lakini polisi walikuwa wamewahi kumchukua mwanawe mmoja kwa sababu ya ng'ombe wa watu, na alirudi hatembei vizuri. Alitazama nyasi alizokuwa nazo mkononi. Halafu, na hili ndilo ninaloliona nikifumba macho, alizirudishia. Alipiga magoti kwenye tope, akachimba kwa vidole, akazipanda tena moja moja. Bibi yangu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kung'oa. Aliniambia nisimwambie mtu kwamba alizigusa.

Mimi sikumwambia mtu kwamba alizigusa. Niliwaambia hayo mengine. Niliwaambia kinamama kisimani siku ileile, na kabla jua halijazama, watu wa upande wa pili wa kijito walikuwa wanawakataza watoto wao kuzisogelea. Niliona ajabu jinsi uongo unavyotembea wenyewe bila kusukumwa. Wiki hiyo homa ya Marwa ilishuka. Akaomba uji, kisha akaomba nyama. Alipotoka nje mara ya kwanza, amekonda, anacheka, nilimkimbilia nikamshika mguu, na nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu kwamba nimemwokoa mimi.

Nyasi hazikuhitaji zaidi ya hapo. Miaka miwili ya kuachwa iliwatosha watu kuzizoea. Zilipanda kijito na kukishuka. Mashina yake yakawa mapana kama mdomo wa pipa. Mbuzi hawali, ng'ombe wakionja majani yanawakata midomo. Matete yalikonda, yakabaki vifungu, kisha hata vifungu sikuviona. Sijui ndege wekundu walikwenda wapi. Kisima kilijaa mizizi mpaka maji yakawa ya kuchota kwa kikombe, na Bibi alikufa akiwa anakwenda kuchota mbali, na mtungi, katika umri ule. Watu waliziita nyasi za Wakala. Jina likakaa, na lawama ikakaa juu ya jina.

Nina hasira na watu wengi. Nina hasira na bwana shamba mmoja aliyeletwa kuziangalia, akapiga picha akiwa amesimama katikati yake, akasema zinashika udongo zising'olewe, kisha akaondoka na miche kwenye mfuko kwenda kupanda nyumbani kwake. Nina hasira na vijana wanaokuja na bodaboda kukata mikia kwa ajili ya harusi za mjini, wanaifunga nyuma ya kiti na kumwaga mbegu kila mto wanaovuka, kutoka Tarime hadi huku Mugumu. Nimekuta nyasi hizo kwenye daraja ambapo hapakuwa na hata jani moja nilipoolewa. Nina hasira na mtu anayeniambia ni nzuri. Ni nzuri, najua. Nilizibeba kichwani.

Marwa ndiye pekee aliyepigana nazo. Alirithi mgongo wa Bibi. Kila kiangazi, Jumamosi, alishuka na jembe, sururu na magunia. Alikuwa amejifunza mwenyewe kwamba kabla hujagusa shina unavika gunia juu ya mikia, unalifunga kwa kamba, ndipo unakata, la sivyo unapanda huku unang'oa. Nilipokwenda likizo kumsalimia Mama nilimsaidia kushika gunia. Alifanya hivyo miaka, akaokoa labda hatua mia mbili za ukingo, na kila mvua zilirudi kutoka juu na chini.

Aliwahi kumkabili Wakala kwenye mkutano wa kijiji. Wakala alikuwa ameshastaafu, mzee, mkewe ameshakufa. Marwa alimnyooshea kidole mbele ya watu akamwambia ameua mto. Mzee alisema hakupanda kitu mtoni, watu wakamzomea, akakaa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake na nilitazama chini.

Jioni yake tulikuwa kijitoni. Marwa alikuwa ameegemea jembe, jasho linamtoka, akaniambia, "Dada, yule mzee angekuja akachimba hata shina moja tu, ningemsamehe leo leo." Alinitazama kama anasubiri nikubali. Nilishika gunia. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wanne, cherehani yangu, jina langu kanisani, na nilishindwa kufungua mdomo. Nikasema jua limezama, twende.

Kiangazi kilichopita jani lilimkata kiganjani wakati anachimba. Lilikuwa jeraha la kawaida, urefu wa kidole. Wifi yangu, Bhoke, alimwambia aende zahanati akachomwe sindano. Marwa alifunga kitambaa chenye udongo wa jana, akaendelea. Bhoke aliposema mara ya pili, alimjibu, "Nilisimama mbele ya kisu sikupepesa, nishindwe na jani?" Aliliona ni jibu la kuchekesha, na watoto walicheka.

Siku zilipita, taya likaanza kukaza. Hakusema. Alimwambia Bhoke amelala vibaya. Walipomfikisha hospitali mgongo ulikuwa umepinda kama upinde, na madaktari walifanya walichoweza, lakini pepopunda ilikuwa imeshamshika. Nilimwona. Meno yamebana, macho yamefunguka, anatutazama. Hata hapo hakupepesa. Nawaapia, hakupepesa, na niliuchukia huo ujasiri kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Tulimfundisha wote. Tulimpigia vigelegele kwa ajili yake.

Kwa hiyo siku ya mazishi, nilipoisukuma ile mikia chini ya sufuria, sikurudi kwenye mkeka. Wakala alikuwa amekuja. Alikaa peke yake kwenye kiti cha mwisho, fimbo katikati ya magoti, na viti vya kushoto na kulia kwake vilikuwa vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Mikono yangu ilikuwa na masizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikasema kwa sauti ambayo watu wangeisikia, maana uongo wenyewe nilikuwa nimeusema kwa watu. "Wewe hukupanda nyasi mtoni. Hukusema utampeleka mtu kituoni. Ni mimi nilisema, nikiwa mtoto. Mikia ilitoka getini kwako, mkeo alinipa, tukaivaa kumleta Marwa nyumbani. Bibi alitaka kuzing'oa zikiwa changa. Mimi nilimzuia kwa jina lako."

Shangazi yangu mmoja akanishika mkono, akasema nilikuwa mtoto, mtoto hana kosa, nikae. Niliuondoa mkono wake. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote mtu aniambie hivyo, na nilipoambiwa nilitaka kumpiga. Mtoto wa miaka minane hana kosa, haya. Na yule wa arobaini na kitu, aliyeshika gunia na kusema jua limezama?

Mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri, aligeuza uso upande wa sauti yangu. Alisema neno moja, "Kumbe." Kisha akajifunika kanga usoni.

Wakala aliinamia fimbo yake. "Nilisikia wakati uleule," akasema. "Mke wangu aliambiwa kisimani, akaja kuniuliza kama ni kweli nimesema hivyo. Nikamwambia awaache waamini."

"Kwa nini?"

"Nilipenda waniogope." Alikuwa anatazama fimbo yake. "Baadaye zikawa nyingi, wakaanza kunichukia. Ningesema nini? Nani angeniamini?"

Hakulia wala hakuomba radhi. Nilimchukia, na wakati huohuo nilijua kwamba katika watu wote waliokaa pale, yeye na mimi ndio tuliokuwa ndugu.

Tulimzika Marwa. Jioni Bhoke alikuja nilipokuwa naosha vyombo. Nilimngoja aseme lolote, nilikuwa tayari hata kwa kofi. Aliweka miguuni kwangu jembe la Marwa, mpini umeng'aa kwa mikono yake, na gunia limekunjwa. "Wewe, Marwa angekupa hili tu," akasema. "Na angekusimanga mpaka uzeeke." Akarudi ndani.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda hadi kwenye lile geti. Lina kutu sasa, lakini mashina mawili bado yapo, makubwa kama vichuguu, na mikia ilikuwa imefunguka yote, inangoja upepo. Wakala alitoka na fimbo. Nilimwambia nimekuja kuyang'oa, akikubali au akikataa. Alisema mkewe aliyapenda. Nikamwambia najua, alikuwa mama mkarimu. Akanyoosha mkono akaomba gunia, na nikamwonyesha jinsi ya kulivika kutoka juu, taratibu, bila kutikisa, kama alivyonionyesha Marwa. Alilishika kwa mikono miwili, fimbo imeanguka chini, na mimi nikafunga kamba, nikaanza kuchimba.

Shina la kwanza lilichukua asubuhi yote. Nilipokuwa navuta mzizi wa mwisho, jani lilinipita kiganjani. Damu ikatoka, ikadondoka kwenye udongo. Wakala aliniuliza kama nimeumia. Watu walikuwa wanapita barabarani, wengine wamesimama kututazama, na nilijua jibu linalotakiwa kwetu, nimelijua tangu nikiwa mtoto.

"Inauma," nikasema, kwa sauti. "Inauma sana." Nikaliacha jembe palepale, nikashuka kwenda zahanati kuchomwa sindano, nikilia njia nzima, mtu mzima, kila mtu ananiona.